Jinsi ya kumchuja mpokeaji wa SNAP na kumpa rufaa ya mafunzo ya kazi ya hiari

Mwongozo huu umeandikwa kwa wahudumu wa ofisi za kaunti nchini Marekani, wasimamizi wa kesi kwenye mashirika ya jamii, na wakalimani wanaowasaidia kuhudumia wasemaji wa Kiswahili. Unahusu kazi moja tu: kumpata mtu anayepokea SNAP, yaani msaada wa chakula wa serikali ya Marekani, kujua kama mafunzo ya kazi yanamfaa, na kumfikisha kwa mtoa mafunzo bila kuhatarisha chakula chake.

Tangu sheria ya mwaka 1985, kila jimbo linatakiwa liwe na mpango wa ajira na mafunzo kwa wapokeaji wa msaada huu. Leo mpango huo unaitwa SNAP E&T, ingawa majimbo huupa majina yao: BFET kule Washington, STEP kule Oregon, Path to Work kule Massachusetts, CalFresh E&T kule California. Kanuni za shirikisho ni zilezile. Jimbo huchagua kama ushiriki utakuwa wa lazima au wa hiari, na majimbo mengi yamechagua hiari. Tunazungumzia hayo ya hiari.

Kabla ya hatua yoyote: mambo matatu yasiyofanana

Makosa mazito huanzia hapa. Mhudumu anachanganya masharti matatu, anampa mteja maelezo ya moja kwa jina la lingine, na mteja anaondoka ama na hofu isiyo na sababu ama na utulivu usio na sababu.

La kwanza ni masharti ya jumla ya kazi. Mtu wa miaka 16 hadi 59 asiye na msamaha anatakiwa ajiandikishe kuwa yuko tayari kwa kazi, asiache kazi bila sababu ya msingi, asijipunguzie saa chini ya 30 kwa wiki, na asikatae kazi inayomfaa. Husamehewa anayefanya kazi saa 30 kwa wiki, au anayepata angalau dola 217.50 kwa wiki, yaani saa 30 kwa mshahara wa chini wa shirikisho wa dola 7.25. Husamehewa pia anayelea mtoto wa chini ya miaka 6 au anayemtunza mtu asiyejiweza, asiyeweza kazi kwa sababu ya mwili au akili, anayepokea malipo ya kukosa kazi, aliye kwenye matibabu ya pombe au dawa za kulevya, na anayesoma angalau nusu ya muda.

La pili ni ukomo wa miezi 3. Mtu mzima mwenye uwezo wa kufanya kazi na asiye na mtegemezi, ambaye fomu za ofisi humwita ABAWD, hupata SNAP kwa miezi 3 tu ndani ya miaka 3, isipokuwa atimize saa 80 kwa mwezi za kazi, kujitolea, mafunzo yanayokubalika, au mchanganyiko wa hayo. Sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 imelipanua kundi hili sana. Umri umepanda hadi miaka 64. Mzazi anasamehewa tu ikiwa mtoto ana chini ya miaka 14. Misamaha ya wasio na makazi, wanajeshi wastaafu na vijana waliotoka kwenye malezi ya serikali imeondolewa. Kwa hiyo mama wa miaka 41 mwenye mtoto mmoja wa miaka 15, ambaye zamani hakuguswa, sasa anaguswa. Ukiwa na karatasi ya maelezo iliyochapishwa kabla ya hapo, itupe.

La tatu ni E&T yenyewe, na katika jimbo la hiari hakuna anayekatwa chakula kwa kuikataa au kuiacha.

Sasa yaunganishe matatu hayo. Mtu anaweza kuwa huru kabisa kuyakataa mafunzo na bado akapoteza chakula mwezi wa nne, kwa sababu hana saa 80 kutoka kwingine. Hakuadhibiwa kwa kuacha mafunzo, ameishiwa miezi. Kwa mteja tofauti hiyo haina faraja, lakini wewe usipoieleza mapema atasema ulimdanganya, na atakuwa na haki. Maneno yanayofaa ni kama haya:

“Mama, mafunzo haya ni ya hiari. Ukikataa, hakuna atakayekukatia chakula kwa sababu ya kukataa. Ila barua yako inaonyesha uko kwenye kundi linalodaiwa saa 80 kila mwezi. Mafunzo ni njia moja ya kuzipata. Kazi ni njia nyingine, hata ya saa chache, na kujitolea pia. Tuone ipi inakufaa.”

Hatua ya 1: Hakikisha SNAP iko hai mwezi huu

Gharama za E&T hulipwa kwa mtu anayepokea SNAP katika mwezi anaoshiriki, wala si aliyepokea mwezi uliopita. Angalia kwenye mfumo wa jimbo au piga simu ofisini. Usitegemee kadi ya EBT, ile ya kununulia chakula: salio hukaa kwenye kadi hadi miezi 9 bila kutumika kabla ya kufutwa, hivyo mtu anaweza kulipia unga dukani leo huku kesi yake ilifungwa wiki tatu zilizopita.

Ukiwa hapo hapo, andika tarehe ya kuhuisha kesi na tarehe ya ripoti ya katikati ya kipindi kama jimbo lako linaidai. Kama tarehe hiyo iko ndani ya siku 60, shughulikieni fomu hiyo kwanza, siku hiyohiyo. Kesi nyingi hukatika katikati ya mafunzo kwa sababu barua ya kuhuisha ilikwenda anwani ya zamani au ilikaa mezani bila kusomwa, hata kama kipato hakijapanda. Kesi ikikatika, mtoa mafunzo hawezi kudai fedha za mwezi huo, na tiketi ya basi husimama.

Uliza kama kaya inapokea TANF, yaani msaada wa fedha taslimu kwa familia. Anayepokea fedha hizo hahudumiwi na SNAP E&T; TANF ina mpango wake wa kazi.

Kwa wasemaji wa Kiswahili kuna swali jingine lisilokwepeka. Sheria hiyohiyo ya Julai 2025 imewaondoa wakimbizi na waliopewa hifadhi kwenye SNAP hadi wawe wakazi wa kudumu, yaani wenye grini kadi. Familia ya Kikongo iliyofika juzi kutoka kambi ya Nyarugusu au Kakuma haina SNAP, kwa hiyo haina E&T. Usiwafukuze. Huduma za ajira kwa wakimbizi zinazogharimiwa na ORR, ofisi ya shirikisho ya wakimbizi, hupatikana hadi miaka 5 tangu kuwasili, na vituo vya ajira vya American Job Center vina mafunzo chini ya sheria nyingine. Mkimbizi anaweza kuomba grini kadi baada ya mwaka 1 wa kukaa nchini. Iandike tarehe hiyo kwenye faili, umrudie. Anayeelekea kwenye grini kadi muulize amefikia wapi bila kumtaka akupe nakala ya makaratasi ya uhamiaji usiyoyahitaji.

Hatua ya 2: Soma barua yake pamoja naye

Ofisi ya jimbo inatakiwa imweleze kila mtu masharti yanayomhusu kwa mdomo na kwa barua moja, anapoanza na anapohuisha. Mwambie aje nayo. Barua hiyo ndiyo njia ya haraka ya kujua ofisi imemweka kundi gani, na mara kwa mara utagundua imemweka pasipo pake: mtu anayemuuguza mama yake aliyepooza ameandikwa hana msamaha kwa sababu hakuna aliyemuuliza, au mjamzito ameandikwa ABAWD.

Ukikuta msamaha uliosahaulika, kazi ya kwanza ni kumrudisha ofisini ukarekodiwe. Rufaa ya mafunzo inasubiri. Mtu mwenye mgongo ulioharibika asiyeweza kusimama nusu saa hasaidiwi na darasa la ghala, hata kama anasema ndiyo kwa heshima. Na aliyesamehewa bado anaweza kujiunga kwa hiari yake akitaka. Msamaha haumfungii mlango.

Hatua ya 3: Mazungumzo ya mchujo

Mchujo ni uamuzi mmoja: apewe rufaa au asipewe. Tathmini ya kina ya ujuzi wake, mpango wa mtu binafsi na ushauri wa kazi ni kazi ya msimamizi wa kesi wa E&T baadaye. Dakika 15 hadi 20 zinatosha. Ukichukua saa nzima kuuliza alichosoma tangu chekechea, ataulizwa tena yote kwa mtoa mafunzo na atachoka kabla hajaanza.

Lugha kwanza. Faili likisema “Kiswahili”, muulize mwenyewe. Mtu kutoka Fizi au Uvira huenda anaelewa vizuri zaidi Kibembe au Kinyamulenge, na Kiswahili cha Bukavu si cha Tanga. Mkalimani ni bure kwa mteja. Mtoto wake asikalimani, hata awe hodari vipi. Kuna maswali ya mahakama na afya ambayo mama hatayajibu mbele ya mwanawe.

Kisha uliza haya, kwa mpangilio unaofuata mazungumzo:

- Unataka kazi gani, na kuna unayemjua anayeifanya hapa?
- Wiki yako ikoje? Saa zipi kweli ziko wazi, ukiondoa kazi, watoto na ibada?
- Utafikaje, na basi la mwisho la kurudi ni la saa ngapi?
- Watoto watabaki na nani? Na siku mtu huyo akiugua?
- Ulisoma hadi wapi, kwa lugha gani, vyeti viko wapi?
- Kuna kazi ambazo mwili wako hauziwezi, mfano kunyanyua kilo 20 au kusimama zamu nzima?
- Una leseni ya udereva? Una simu yenye intaneti, na kompyuta?
- Kuna jambo lolote la polisi au mahakama linaloweza kuonekana kwenye uchunguzi wa rekodi?
- Umewahi kuanza mafunzo ukaacha? Ni nini kilikwamisha?

Swali la mwisho hutoa majibu ya maana kuliko mengine yote, na ndilo linalorukwa. La afya liulize kwa kazi, usilitaje kwa ugonjwa. Jina la ugonjwa halikuhusu. La mahakama lieleze sababu yake kabla ya kuliuliza: baadhi ya kazi, hasa za wauguzi wasaidizi na malezi ya watoto, hufungwa na sheria ya jimbo kwa makosa fulani, na ni afadhali ajue leo kuliko baada ya wiki nane darasani.

Jibu la “ndiyo, ndiyo” kwa kila kitu lisikufurahishe. Wazee wengi wa kwetu hawamkatalii mtu wa ofisi usoni. Geuza swali: “Katika haya, lipi litakuwa gumu kwako?” Au mpe mambo mawili achague. Na “nitafikiria, nitamuuliza mzee nyumbani” ni jibu halali. Panga siku ya kumpigia, usiliandike kama kukataa.

Hatua ya 4: Linganisha mtu na mafunzo yaliyopo

Usimtumie mtu kwenye mafunzo kwa jina tu. Kila jimbo lina mpango wake ulioidhinishwa, unaotaja watoa mafunzo na aina za shughuli: kutafuta kazi kwa usimamizi, mafunzo ya kutafuta kazi, elimu ikiwemo Kiingereza na ufundi, uzoefu wa kazi, kujiajiri. Tangu sheria ya 2018 kila mshiriki lazima apate usimamizi wa kesi pamoja na angalau shughuli moja kati ya hizo. Darasa lisilo kwenye mpango halihesabiwi, hata likiwa zuri.

Haya ndiyo yanayoombwa sana na wateja wetu, na pale yanapokwamia.

Uuguzi msaidizi, unaofahamika kwa CNA. Kiwango cha chini cha shirikisho ni saa 75 za mafunzo, ambapo angalau 16 ni za vitendo chini ya usimamizi, lakini majimbo huongeza: California hudai 160, Maine 180. Uliza kwanza kiwango cha Kiingereza darasani, kipimo cha kifua kikuu, chanjo na rekodi ya polisi. Wanaoshindwa wengi hawashindwi kazi ya mikono. Hushindwa mtihani wa maandishi. Kama Kiingereza chake bado, tafuta programu inayofundisha Kiingereza na uuguzi pamoja, badala ya kumwambia arudi baada ya mwaka.

Udereva wa malori makubwa. Kanuni za shirikisho zinadai dereva aweze kusoma alama za barabarani na kuzungumza na maofisa kwa Kiingereza, na tangu Juni 2025 anayeshindwa kipimo hicho barabarani huondolewa kazini papo hapo. Anahitaji pia cheti cha afya, kipimo cha dawa za kulevya, na umri wa miaka 21 ili avuke mpaka wa jimbo. Usimpe rufaa mtu ambaye leseni yake ya kawaida imesimamishwa kwa faini, faini kwanza.

Fokolifti. Darasa la siku moja au mbili, na wengi hudhani wametoka na leseni ya kudumu. Sheria ya usalama kazini inamtaka mwajiri mwenyewe amthibitishe dereva kwenye mashine na mahali pake pa kazi, na kumpima upya angalau kila baada ya miaka 3. Cheti cha darasani husaidia kuitwa kwenye usaili, basi. Tena kwa ABAWD saa zake ni chache mno kutimiza 80.

Hesabu ya saa ifanye na mteja, kwa kalamu. Darasa la saa 12 kwa wiki kwa wiki 4 ni saa 48. Zimebaki 32, karibu saa 8 kwa wiki za kazi au kujitolea kunakothibitishwa kwa barua. Kama shughuli yake ni kutafuta kazi au mafunzo ya kutafuta kazi peke yake ndani ya E&T, haitoshi: kwa ABAWD shughuli hizo huhesabiwa zikiwa chini ya nusu ya saa zinazodaiwa, yaani chini ya 40. Kosa hili hutokea sana, kwa kuwa kutafuta kazi ndiyo shughuli rahisi kuipata na mhudumu hudhani amemsaidia mteja.

Mtego wa chuo

Huu unastahili sehemu yake. Mtu wa miaka 18 hadi 49 anayesoma chuo angalau nusu ya muda kwa kawaida hana haki ya SNAP, isipokuwa aangukie kwenye mojawapo ya misamaha ya wanafunzi. Mmojawapo ni kuwekwa chuoni kupitia SNAP E&T.

Kwa hiyo mpangilio wa hatua unaamua kila kitu. Ukimwambia kijana “nenda kajiandikishe kwanza chuo cha jamii, halafu urudi nikupe rufaa”, anaweza kuripoti masomo yake kama anavyotakiwa, ofisi ikamfungia kesi, na akirudi kwako hana SNAP, kwa hiyo hana E&T. Rufaa itangulie, ofisi ithibitishe, ndipo asaini masomo. Na kwenye faili iandikwe wazi kwamba yuko chuoni kupitia E&T, kwa sababu mhudumu atakayeshughulikia kuhuisha kesi miezi sita baadaye siye wewe.

Hatua ya 5: Gharama za siku ya kwanza

Jimbo linatakiwa kumlipia mshiriki gharama za lazima na za kiasi zinazotokana na mafunzo: nauli, malezi ya watoto, vitabu, sare, viatu vya usalama, zana, ada za mitihani na leseni. Viwango na orodha viko kwenye mpango wa jimbo. Malipo hayo hayahesabiwi kama kipato kwenye SNAP. Liseme hilo, maana wengine hukataa nauli wakihofu kupunguziwa chakula. Posho ya kujikimu na mshahara havimo kwenye gharama zinazolipwa.

Swali la kumuuliza mtoa mafunzo kabla ya kutuma mtu: mnalipa kabla, au mnarudishia baada ya risiti? Mtu asiye na dola 40 za basi leo hafiki darasani kwa ahadi ya kurudishiwa mwisho wa mwezi. Majimbo yanaruhusiwa kulipa mapema. Kama mtoa mafunzo wako harudishi ila kwa risiti, tafuta wa pili, au tafuta nauli ya wiki mbili za mwanzo kutoka kwingine. Malezi ya watoto yaandaliwe yakiwa na mtu wa akiba, kwani sehemu nyingi zina foleni ya miezi.

Hatua ya 6: Andika rufaa

Karatasi yenye namba ya simu haitoshi kuitwa rufaa. Mpigie mtoa mafunzo mteja akiwa mbele yako, pata miadi, kisha tuma haya: jina na namba ya kesi; uthibitisho kwamba SNAP iko hai na tarehe uliyoangalia; tarehe ya kuhuisha; kama ni ABAWD na miezi mingapi ameshatumia; lugha na kama anahitaji mkalimani; kazi anayoitaka; saa zake zilizo wazi; vikwazo na gharama za kwanza; idhini yake iliyosainiwa. Makaratasi ya uhamiaji, majina ya magonjwa na kesi za kifamilia visiende.

Mteja apewe nakala yenye anwani kamili, jina la atakayempokea, basi la kupanda, na vitu vya kubeba. Tarehe na saa ziandikwe kwa namna isiyo na utata. Andika mwezi kwa jina, kwani 03/04 kwa Mmarekani ni Machi 4 na kwa aliyesoma Goma ni Aprili 3. Saa iandike “9:00 AM”. Ukisema “saa tatu” tu, mmoja atafika asubuhi na mwingine atafika 3:00 PM, na wote watakuwa wamekusikiliza vizuri.

Rufaa inayoanzia kwa mtoa mafunzo

Mara nyingi mambo huanza kinyume: chuo au shirika lina mwanafunzi tayari, likimuuliza linagundua anapokea SNAP. Njia hii inaruhusiwa na hufanya kazi vizuri, kwa sababu mtu amejichagulia mwenyewe. Shirika hutuma jina lake kwa ofisi ya jimbo, ofisi huthibitisha kwamba anapokea SNAP, hapokei TANF, na kwamba anafaa, ndipo huandikishwa. Shirika linalotumia fedha kabla ya jibu la ofisi linatumia fedha zake. Thibitisha kila mwezi, si mara moja.

Hatua ya 7: Fuatilia

Mkumbushe siku moja kabla, kwa simu au ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Barua husomwa na wachache. Siku ya miadi muulize mtoa mafunzo kama amefika. Asipofika, mpigie ndani ya siku 2 za kazi, na uulize sababu bila lawama. Ukipata sababu ya basi au mtoto, kuna la kufanya. Ukipata “nimebadili mawazo”, andika hivyo na ufunge rufaa bila barua ya vitisho. Katika jimbo la hiari barua ya namna hiyo ni kosa.

Kwa ABAWD, mweleze pia kwamba saa zake zikishuka chini ya wastani wa 20 kwa wiki anatakiwa aijulishe ofisi. Akiugua au darasa likiahirishwa, aseme mapema na atunze karatasi. Kukosa kwa muda kwa sababu ya msingi kunaweza kukubaliwa.

Ikiwa mtoa mafunzo ataona mtu hafai kwenye shughuli aliyopewa, ana siku 10 kuijulisha ofisi ya jimbo, akieleza sababu. Ofisi nayo ina siku 10 kumjulisha mteja. Baada ya hapo ofisi inatakiwa ichague moja: impe shughuli nyingine inayofaa ndani ya E&T, impe rufaa ya ubia wa mafunzo wa waajiri, ichunguze upya uwezo wake wa mwili na akili, au imuunganishe na mpango mwingine wa kazi au msaada. Msomee mteja barua hiyo. Kwa ABAWD ndiyo inayomwambia kwamba miezi yake inaweza kuanza kuhesabiwa.

Akipata kazi

Mwonyeshe hesabu kabla mshahara wa kwanza haujaingia. SNAP huondoa asilimia 20 ya kipato cha kazi kabla ya kupiga hesabu, kisha hupunguza msaada kwa asilimia 30 ya kinachobaki. Kwa hiyo kila dola 100 za mshahara zinazoongezeka hupunguza chakula kwa takriban dola 24, na hadi 36 kwa kaya ambayo kodi ya nyumba inaingia kwenye hesabu. Bado anabaki na zaidi. Wanaoacha kazi mwezi wa kwanza kwa kuogopa “kukatwa yote” kwa kawaida hawakuonyeshwa namba hizi. Mshahara wa mafunzo kazini nao huhesabiwa kama kipato, tofauti na nauli ya E&T.

Usifunge faili siku ya ajira. Aliyepata kazi akiwa kwenye E&T au baada yake anaweza kupewa huduma za kubaki kazini kwa siku 30 hadi 90: nauli hadi mshahara uzoeleke, sare, viatu, malezi ya mtoto, ushauri anapogombana na zamu. Huduma hizo huendelea hata kama kipato kimeiondoa kaya kwenye SNAP, mradi haikuondolewa kwa udanganyifu. Mwombe barua ya ajira yenye tarehe ya kuanza, maana siku huanza kuhesabiwa kutoka hapo, na umuulize mapema zamu yake inaisha saa ngapi na kama basi bado lipo.